Kurudi Thornhill kwa Njia ya Kolombia

Vijana wangu,

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama nyasi zilizokanyagwa na gurudumu, na tangu nimalize darasa la saba sijawahi kuwa na hakika r inakaa wapi na l inakaa wapi. Mkikuta barabara nimeiandika "barabala", piteni tu, inafika kulekule.

Mliniomba nije ukumbini baada ya ibada niwasimulie kazi yangu ya udereva. Nikasema nitafikiria. Wanaonijua wanajua maana yake ni hapana. Tangu nikiwa kijana nina haya ya kusimama mbele ya watu. Nikitazamwa na macho mengi, maneno hurudi tumboni. Kwa hiyo naandika, polepole, kwenye meza ya jikoni hapa Malton, kando ya Toronto, ndege zikishuka juu ya paa kama kawaida yake. Nanyi msome polepole.

Kazi yenyewe haina jina. Kuna wazee wa huku kwetu ambao baridi ikianza hushuka na magari yao mpaka Mexico, wakakaa huko hadi theluji iishe. Kwenda huenda wenyewe, wana nguvu na hamu. Kurudi ndiko kwenye taabu. Mmoja mgongo umekataa, mwingine daktari amemwambia asiguse usukani. Hapo ndipo nilipokuwa naitwa. Nilikuwa nakwenda kwa ndege, narudi nikiendesha gari lao, wenyewe wamekaa ndani. Marehemu mke wangu alikuwa akiiita kazi ya kuchunga wazee, na hakukosea sana.

Baadhi yenu mmeanza kuifanya kazi hii, na swali mnaloniuliza kila mara ni lilelile: tupite mpaka upi ambao hauna watu? Nitawajibu, lakini jibu lina mkia mrefu.

Aliyenifundisha ni Papa Deo, Mkongo wa Bukavu. Tulikuwa tukipakia mizigo pamoja uwanja wa ndege, yeye akiimba, mimi kimya. Alipoanza kazi ya kurudisha wazee alihitaji mtu wa kupokezana naye usukani, akaniita mimi. Nikamuuliza kwa nini mimi, na wako wengi wenye leseni ndefu kuliko yangu.

"Weye hausemake mingi," akasema. "Ku mpaka, ile ni mali."

Kanuni yake ilikuwa moja, akairudia mpaka nikawa naiota: "Banakuuliza moja, unajibu moja." Ukiulizwa unatoka wapi, taja unakotoka. Usitaje uendako, usitaje hali ya hewa, usimsifie afisa kwa koti lake. Kwa mtu mwenye haya kama mimi hiyo haikuwa kanuni, ilikuwa likizo.

Mambo mengine alinifundisha kidogo kidogo. Kwamba uamuzi wa mpaka unafanywa mbali, kabla hujaiona foleni, kwa sababu ukishaiona tayari umo ndani yake na nyuma yako kuna lori. Kwamba Jumapili jioni usisogelee madaraja ya mjini, maana watu wa Texas waliokwenda kuwaona jamaa zao wanarudi wote kwa pamoja, na wiki ya Pasaka ni hivyo hivyo kila siku. Kwamba wa kumuuliza habari za foleni ni mtu wa kituo cha mafuta aliye upande wa pili wa barabara, yule anayewahudumia wanaotoka huko unakokwenda wewe. Kwamba kila mtu aende chooni kabla, hata anayesema hana haja. Huyo hasa.

Na stika. Gari la kigeni likiingia Mexico hubandikwa stika kwenye kioo, na likitoka lazima ikabanduliwe na ofisi yao, vinginevyo kwao gari hilo bado liko nchini, na safari ijayo mwenye gari atajibu. Madaraja mengine madogo hayana ofisi hiyo. Papa Deo mwenyewe aliwahi kuchagua daraja dogo, tulivu ajabu, mpaka mbwa alikuwa amelala katikati ya njia. Tulifurahi. Tukamzunguka mbwa, tukafika, tukaambiwa hapa stika haibanduliwi, rudini kwenye daraja kubwa. Njia nzima ya kurudi Papa Deo hakuimba. Tulipoingia kwenye foleni ndefu ya daraja kubwa akasema, "Ile mbwa ilijua."

Siku hizi mna simu. Simu inawaonyesha foleni ya kila daraja kwa rangi. Sina ugomvi na simu. Lakini kumbukeni kwamba inawaambia watu wote jambo moja kwa wakati mmoja, na wote wanageuza kuelekea daraja tulivu, ambalo kufikia hapo si tulivu tena.

Sasa mkia wa jibu langu.

Kule Laredo, mji wa mpakani wa Texas, kuna madaraja kadhaa yanayovuka kutoka Mexico kuingia Marekani. Yaliyo katikati ya mji yamejaa mabasi, wapita kwa miguu, na watu waliotoka kununua dawa na viatu. Lakini ukipanda na mto, mbali na mji, upande wa Mexico kuna kijiji kinachoitwa Kolombia, na kina daraja lake. Malori ndiyo yanayolitumia zaidi, na magari madogo yana njia zao fupi. Ofisi ya stika ipo. Barabara ya kwenda huko inachepuka mapema, katikati ya vichaka, na mgeni anaipita bila kujua. Mimi nililipenda daraja hilo kuliko mengine yote.

Mzee Hasanali na mkewe Bi Shirin ni watu wa Tanga kwa asili, wakazi wa Thornhill, juu kidogo ya Toronto, kwa miaka mingi. Kila baridi walikuwa wakiendesha wenyewe mpaka Monterrey, Mexico, kwa binti yao. Mwaka ninaosimulia, Mzee alipatwa na shida ya jicho la kulia. Kitambaa cha ndani kilibanduka, akapasuliwa hukohuko, na daktari akamtia kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kikishikilie. Amri zilikuwa mbili. Asipande ndege wala milima, maana kiputo kitatanuka na jicho litaharibika. Na ainamishe uso wakati wote, akitazama chini, hata akila, mpaka aruhusiwe.

Huku nyuma mjukuu wake Zahra alikuwa anaolewa Jumamosi, pale Thornhill. Baba yake Zahra, mtoto wa Mzee, alifariki binti akiwa mdogo, na katika dini yao baba asipokuwepo ni babu anayetoa idhini. Idhini ingeweza kutolewa kwa simu, hilo walikwisha kuliuliza. Lakini Mzee alikuwa amemlea yule mtoto, akimpeleka shule na kumrudisha, na alikuwa amemwahidi atakuwepo. Mkwe wake wa Monterrey hakupata ruhusa kazini ya siku zote hizo za barabarani. Wakanipigia mimi.

Nilimkuta Mzee amekaa kitandani, kidevu kifuani. Akanitambua kwa viatu.

"Yusto," akasema. "Hivi viatu hujabadilisha tu?"

"Bado vizima, Mzee."

"Kijana, mimi nawahi ndoa, na viatu vyako ndivyo nitakavyovitazama mpaka Toronto. Ungevipiga hata rangi."

Ananiita kijana mpaka leo, nami nina mvi kumzidi.

Tulimkalisha kiti cha mbele, tukaweka mito miwili mapajani aegemeze kipaji cha uso. Bi Shirin alikaa nyuma na vyakula. Sikumbuki safari ambayo gari lilibeba chakula kingi namna ile: achari ya ndimu, chevda ya kutafuna, kachori, mapera ya bustani ya binti yake, na mfuko wa unga wa mchele wa kupikia vibibi alioutoa Toronto, ukaenda Mexico, na sasa unarudi.

"Mama, unga si upo Toronto?" nikamuuliza.

"Upo. Lakini huu ni wangu."

Kutoka Monterrey barabara inateremka mpaka mtoni, na hilo lilikuwa jema kwa jicho. Nilishaamua tangu nyumbani: Kolombia. Nikamweleza Mzee kwamba kuna daraja pembeni lisilo na watu, linaitwa Kolombia. Neno likamfurahisha. Mtu anayetazama mito yake tu hufurahia chochote cha kusikia.

Foleni ilikuwa fupi kama nilivyotarajia. Stika tukabanduliwa, tukapanda darajani, magari machache mbele yetu. Nikamkumbusha Bi Shirin kwamba mapera hayaruhusiwi kuingia Marekani.

"Nani kasema?"

"Wao wenyewe, mama. Tutayatoa tuwape."

"Niwape? Mapera ya mwanangu?" Akaanza kuyala. Aliyala moja baada ya jingine, bila haraka, gari likisogea hatua kwa hatua, na mengine akampitishia mumewe kwa chini. Katikati ya shughuli hiyo Mzee akababaika.

"Mto! Mto uko wapi?"

"Uko hapo chini, Mzee," nikamjibu. "Ndiyo tunauvuka."

"Wa kulalia, bwana we! Umeniponyoka!"

Bi Shirin alicheka mpaka pera likamkwama. Ndipo simu ya Mzee ikalia. Alikuwa Zahra. Yule binti anasikia Kiswahili chote, hata cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama wengi wenu. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili nisije nikaadhirika mara mbili.

"Babu, mko wapi?" akauliza.

"Tuko Kolombia, mama!" Mzee akapaza sauti. "Tunavuka! Yusto katupitisha Kolombia, hakuna watu kabisa!"

Hapo zamu yetu ikafika, nikawaambia simu izimwe. Afisa akauliza tunatoka wapi, nikajibu Monterrey. Akauliza kuhusu matunda, Bi Shirin akajibu hakuna, na kufikia dakika hiyo ilikuwa kweli. Tukapita. Nilijiona fundi.

Tulisahau simu. Ilipokuja kuwashwa, tukiwa mbali ndani ya Texas, ililia mfululizo kama mtoto. Nyumba nzima kule Thornhill ilikuwa imetaharuki. Mama yake Zahra alikuwa analia. Mjomba mmoja alikuwa amefungua ramani, akawaeleza jamaa kwamba Kolombia ni Amerika ya Kusini, na kwamba kutoka huko kuja juu kuna pori ambalo halina hata barabara, kwa hiyo ama Mzee amechanganyikiwa ama tumetekwa.

"Mpe simu huyo Yusto," nikasikia sauti ya mjomba. "Bwana, umempeleka wapi baba yetu?"

"Kolombia ni kijiji," nikasema.

"Kijiji?"

"Cha Mexico. Kina daraja."

Kisha nyuma yake nikamsikia Zahra akicheka, kicheko kile cha mtu aliyekuwa analia. Tangu hapo ikawa mchezo wao. Kila akipiga anauliza habari za Kolombia, na Mzee anamjibu kahawa ni nzuri lakini barabara mbaya.

Marekani tuliivuka bila kisa. Mzee aliivuka yote akiwa amelitazama zulia la gari. Bi Shirin alikuwa macho yake.

"Kuna nini sasa?" Mzee anauliza.

"Ng'ombe."

"Wa namna gani?"

"Weusi."

"Wanafanya nini?"

"Hasanali, ng'ombe hufanya nini? Wanakula."

Siku ya pili, Bi Shirin amesinzia, Mzee akaniita kwa sauti ya chini.

"Yusto. Unadhani nitamwona?"

"Tutawahi, Mzee. Sina wasiwasi."

"Sikukuuliza kuwahi."

Nilimwelewa. Jicho la kushoto lilikuwa limedhoofika tangu zamani, linaona kwa ukungu, na vizuri kilicho karibu na pua tu. La kulia lilikuwa na kiputo, na daktari hakuahidi kitu. Na kichwa hakiruhusiwi kunyanyuka. Angefika Thornhill, angekaa katikati ya watu, angesikia kila kitu, na bibi harusi angekuwa pindo la nguo sakafuni. Nikaongeza mwendo kidogo, kisha nikaupunguza, maana mwendo haukuwa na msaada.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Michigan. Kuingia Kanada kuna njia ya Detroit na kuna ya Port Huron, unatokea Sarnia. Simu ilionyesha Detroit nyekundu. Nikachagua Sarnia. Ndoa ilikuwa baada ya sala ya mchana. Kutoka Sarnia mpaka Thornhill, barabara ikiwa shwari, tungefika Mzee apate hata kunawa uso na kubadili nguo.

Sarnia hapakuwa na watu. Njia kadhaa wazi, gari moja moja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo Papa Deo hakuwahi kuniambia, labda kwa sababu yeye hakuwa na haya na hakulihisi. Kwenye mpaka wenye foleni, afisa anataka uondoke. Ana mamia nyuma yako. Kwenye mpaka mtulivu, afisa ana nafasi. Amekunywa kahawa, amenyoosha miguu, na wewe ndiye mgeni wake.

Alikuwa mtu mpole. Akachukua pasipoti, akauliza tunatoka wapi. "Mexico," nikasema. Moja, moja. Akamtazama Mzee, ambaye uso wake ulikuwa ndani ya mto.

"Marekani mliingilia wapi?"

Nilifungua mdomo niseme Laredo. Nilikuwa nimefika "La". Kutoka ndani ya mto ikatoka sauti ya mtu aliyeingojea furaha yake siku tatu:

"Kolombia!"

Afisa akaweka kikombe chini.

"Huyo anasema Kolombia?"

"Ni daraja," nikasema.

"Mwambie anyanyue uso nimwone."

"Hawezi kunyanyua, bwana. Ana gesi ndani ya jicho."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, na sijaona ambavyo ningelisema likasikika vizuri. Tukaelekezwa pembeni.

Waliokwisha kuwekwa pembeni wanajua. Unakaa kwenye viti vya ukumbi wao, na ukutani kuna alama ya simu iliyopigwa mstari. Kupitia kioo unaona gari lako likifunguliwa milango yote. Walishusha achari. Walishusha chevda, wakaitikisa. Mbwa akaletwa, akapita pembeni ya kachori kwa heshima kubwa, akaenda kukaa mbele ya mizigo ya Bi Shirin, nadhani ni harufu ya mapera. Kisha afisa wa kike akatoa mfuko mweupe, akauinua kwenye mwanga.

Bi Shirin akasimama, akanipigia kelele ukumbi mzima: "Yusto! Waambie ule unga ni wangu! Unga wangu huo, mimi ndiye niliyeuleta!"

Ninyi mliozaliwa huku pengine hamjui unga ni nini kwa lugha ya mitaani kule nyumbani. Waulizeni wazazi. Nilitazama huku na huku kama kuna anayejua Kiswahili pale ndani, na namshukuru Mungu hakuwepo hata mmoja.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Sema mchele. Usiseme unga."

"Mchele wa nini na umeshasagwa?"

Mzee alikuwa ameinama, mikono magotini. Simu yake ilikuwa inatetema mfukoni, inanyamaza, inatetema tena. Sote tulijua ni nani na saa hizo wako wapi. Hatukuruhusiwa kuishika.

"Ni mimi," Mzee akasema akiitazama sakafu. "Ni mdomo wangu."

"Ni daraja, Mzee. Lina jina baya."

"Jina zuri. Ndilo lililoniponza."

Nilikwenda mezani kwa yule afisa mpole. Nawaambieni ilinichukua muda kunyanyuka kwenye kiti. Nikamwomba kalamu, nikachora mto, nikachora mji, nikachora daraja moja pembeni, nikamwomba atafute kwenye kompyuta yake. Akatafuta. Akasogeza uso karibu na kioo. Akamwita yule wa kike, wakatazama wote wawili.

"Kumbe lipo," akasema. Akacheka, akaniuliza kama foleni ya huko ni fupi kweli. Nikajibu ndiyo. Moja, moja. Karatasi za daktari zikasomwa, unga ukathibitika ni wa vibibi, tukaambiwa twende na tuwe na siku njema. Sina la kumlaumu. Ningekuwa yeye ningetushusha pia.

Saa zote tulizoziokoa Kolombia tuliziacha Sarnia, kwa sababu ya neno Kolombia. Hilo ndilo jibu langu kuhusu mpaka usio na watu.

Tulipotoka tu Mzee alimpigia Zahra. Aliifungulia simu sauti ili sote tusikie.

"Mama, wageni wamekaa. Mwambie sheikh asome, mimi natoa idhini sasa hivi, hapa kwenye gari. Yusto na bibi yako mashahidi."

"Hapana," Zahra akasema.

"Zahra. Watu wana njaa."

"Basi watakula. Nakungoja."

Akakata. Na kweli walikula. Biriani ililiwa kabla ya ndoa kusomwa, jambo ambalo Bi Shirin hajalisamehe mpaka leo, si kwa adabu, ila kwa sababu tulikuta mapande mazuri ya nyama yamekwisha.

Tulifika jua limeshuka upande wa pili wa barabara ya Bathurst. Tulimwingiza Mzee mlango wa nyuma, kwenye chumba kidogo pembeni ya ukumbi wanakoweka viti vilivyozidi. Hakubadili nguo. Koti lilikuwa na mikunjo ya safari nzima na doa la pera kifuani. Nikamshika kiwiko mpaka kitini, kidevu chini. Sheikh akaja, akamsalimu, na Mzee, aliyeviona viatu tu, akavijibu viatu. Nikataka kutoka, maana si mahali pangu, lakini alikuwa ameshika mkono wangu na hakuuachia.

Mlango ukafunguliwa. Niliona hina, niliona dhahabu, nikatazama pembeni kama inavyopasa. Nguo ilikuwa nzito, ina sauti. Ikasogea mpaka mbele ya kiti, ikasimama. Mzee akaitazama ilipogusa sakafu, maana huko ndiko macho yake yalikoruhusiwa kufika. Akanyoosha kidole akagusa pindo.

"Rangi gani hii?" akauliza.

Nguo ikashuka. Zahra alipiga magoti, kisha akakaa, kisha akajilaza chali palepale sakafuni, na gauni lake lote na dhahabu yake yote, akajisogeza kwa viwiko mpaka uso wake ukawa chini kabisa ya uso wa babu yake, karibu, kama mtu anayetengeneza gari kwa chini. Mama yake akapiga ukelele kuhusu nywele. Hakuna aliyemsikiliza.

Wakatazamana. Sijui Mzee aliona kiasi gani. Sikuuliza, na yeye hajaniambia.

Halafu Zahra, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili zaidi ya "shikamoo", akasema taratibu, kama anayepita kwenye mawe:

"Babu. Kolombia kulikuwaje?"

"Hakuna watu kabisa," Mzee akasema. Kisha akatoa idhini, kwa sauti, sheikh akaisikia, nami nikapata mkono wangu.

Jicho lilipona nusu. Anaona mlango na anaona gari, lakini viatu vyangu hawezi kuviona tena, nami nimenunua vipya bila shinikizo. Kutoka Monterrey siku hizi binti yao ndiye anayekuja Thornhill, wala hakuna anayeendesha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mkiniona kanisani msiniulize mbele za watu, nitasema nitafikiria. Niandikieni. Nina muda wa kusoma, hata mwandiko wenu ukiwa kama wangu. Niambieni mnapita wapi siku hizi, daraja gani lina watu na lipi halina, na kama yule mbwa yupo. Ila mkitaja Kolombia, tafadhali, malizieni ni ipi.

Wenu,
Yusto, Malton